Kioko Anangoja Albamu

Jumapili, baada ya chai ya jioni

Siku nzima grupu yetu ya simu ya mashabiki wa muziki wa heavy metal imebishana juu ya albamu mpya, ambayo bado haijatoka, ya wale wazee wa bendi tunayoipenda. Mmoja amehesabu mishumaa kwenye picha ya jalada, akaapa nyimbo ni tisa. Upuzi. Wengine wanasema mwimbaji sauti imemwishia. Kioko ndiye amewajibu kwa ukali: "Ngojeni kwanza! Yule mzee bado ananguruma."

Hakuna mwingine kwenye grupu anayejua kwamba Kioko hasikii tena. Miaka mingi ya kusaga mahindi kwa posho mill kule Matuu imemmaliza masikio. Mimi najua, kwa sababu tangu ujana mimi naye hatujawahi kusikiliza albamu mpya kila mtu kivyake.

Jioni ameniandikia kando: "Ikitoka, wewe kuja tu. Nitaweka mkono kwa spika, uniandikie vile inasikika."

Nimemjibu sawa. Halafu nimeweka wimbo wao wa zamani anaoupenda, nijaribu kuandika unavyosikika. Nimeandika "gitaa linalia." Nikafuta. Nikaandika "mzee ananguruma," nikakumbuka hayo ni maneno yake mwenyewe.

Wimbo umeisha. Sina hata sentensi moja ya kumpelekea.