Pale Taratibu Anaposimama

Baba yangu,

Sabalkheri. Sijui kama huko uliko kuna asubuhi, lakini mie nimezoea kukuamkia kabla sijasema neno jingine lolote, na bila ya hivo mkono hautaki kwenda.

Hati yangu unaijua. Skuli nlitoka mwenyewe, kwa sababu mwalimu alikuwa akinisimamisha nisome mbele ya wenzangu na sauti haitoki. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Haya, njoo tukakate makuti." Basi pakiharibika humu, vumilia. Mwanao Siti yuko ubavuni ananisahihisha, na anajiona mwalimu kweli kweli.

Toka utuondokee nyumba imekuwa kubwa. Mama yumo edani, chumba cha ndani, hatoki hata uani ila kwa haja. Shangazi Bikombo anamkalia. Faki hajambo. Kombo mdogo ndio anatutia uchungu, maana mtu akikohoa barazani hutoka mbio kwenda kutazama. Akimkuta si wewe hurudi akakaa chini ya gari.

Gari lipo. Makuti yake nimeyabadilisha upande uliokuwa ukivuja. Ile ndoano ya kutundika chungu ipo, na lile kanga la kumlaza mtoto nimelifunga pale pale ulipolifunga. Watu bado wanaliita "nyumba ya Omari." Unakumbuka walivyokucheka ulipolijenga? Gari la ng'ombe kulitia paa na ubavu wa makuti, kama mtu anahama dunia! Nawe ukawaambia kwamba kambini kwa wachuma karafuu vibanda vinavuja na watu wanabanana, bora mtu aende na chumba chake. Mvua ilipokuja, wale wale waliocheka wakaja kuweka watoto wao ndani.

Sasa nikwambie yaliyotokea, maana ndio nlichokalia kitako kukuandikia.

Karafuu zilianza kuiva, wewe hata muda haujapita toka tukuzike. Ami Shaame akaja. Alikaa ukumbini, Mama nyuma ya pazia, mie mlangoni naangalia vidole vya miguu yangu. Akasema, "Shemegi, usinifahamu vibaya. Gari tuliuze na ng'ombe wake. Siti aende Mkoani kwa bibi yake, Faki ntamchukua mie, Kombo abaki na wewe. Hamad kijana mzuri, mikono anayo, mdomo hana. Na shamba la mtu huliombi kwa kukohoa."

Baba, alisema kweli. Kila mwaka wewe ndio uliyekuwa ukienda kwa msimamizi, Mzee Seif, mbele ya wachumaji wote, ukaomba ile mikarafuu ya juu ya kisima. Asiyeomba hapewi. Mie nlikuwa nyuma yako nimeshika kamba ya ng'ombe, na kamba haijibu salamu.

Nlitaka kusema, "Ami, usiwatawanye wadogo zangu." Nikafungua mdomo, ukatoka upepo.

Mama ndiye aliyesema. "Shaame, mpe msimu huu mmoja tu wa karafuu. Akirudi mikono mitupu, uza hata pazia hili."

Basi tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Mie mbele, Siti na Faki ndani, Kombo kwenye kanga lake analia anamtaka Mama. Ndio mara ya mwanzo tunakwenda bila ya Mama, na bila ya wewe. Kupita Vitongoji kulikuwa hakuna shida. Watu wote wa kule walikuzika, hakuna wa kuniuliza kitu. Nikasema moyoni, ntakwenda hivi hivi mpaka kambini, nimeinama, nisionane na mtu.

Kumbe nlimsahau ng'ombe wako, Taratibu.

Tulipofika Gombani, mbele ya duka la Bwana Mulji, ng'ombe akasimama. Nikamwambia twende. Hataki. Nikamvuta kamba. Ananitazama kama mie ndiye mpumbavu. Bwana Mulji akatoka na miwani yake imemshuka puani, anacheka kabla hajatufikia. "Nyumba imefika! Mwenye nyumba yuko wapi? Mwambie atoke amalize kisa chake, mwaka mzima nnataka kujua lile fenesi lilimwangukia nani."

Nikasema, "Baba kafa."

Hivo hivo, Baba. Kama mtu anayetupa jiwe. Sikumtangulizia salamu wala sikusema Mungu kamchukua. Bwana Mulji alikaa juu ya gunia la mchele. Halafu akainuka akafunga ubao mmoja wa mlango wa duka, akatuletea peremende kwenye karatasi. Siti ndiye aliyemwambia ahsante. Mie nlikuwa nshaona haya mpaka masikio yanawaka.

Mbele kidogo, ile baraza ya wazee, Taratibu akasimama tena. Hapo ndio nlitaka ardhi inimeze. Wale si wa chama chetu, na siku hizi watu wanaulizana chama kabla ya kuulizana hali. Kuna waliosusiana maziko. Lakini wewe mwaka jana ulisimama ukawaamkia, na ng'ombe hana chama, kasimama vile vile. Walikuwa wakizungumza, wakanyamaza wote.

Nikasema, "Assalaamu aleikum." Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akasema, "Waaleikum salaam. Hii si nyumba ya Omari? Mbona nyumba inatusalimu na mwenyewe kajificha?"

Safari hii nlijikaza. Nikasema, "Mzee wangu, Omari Mungu kamchukua. Mie ni mwanawe." Wakainuka, Baba. Wote. Wakakusomea Fatiha pale njiani, mikono juu, na watoto ndani ya gari wakainua mikono yao. Walipomaliza yule mzee akawageukia wenzake, kakasirika. "Omari kafa na sisi hatukumzika! Kwa siasa hizi tutakuja kuzikwa na kunguru." Kisha akanishika kichwa akaniambia, "Weye pita hapa kila mwaka. Usipopita tutakuja kukutafuta."

Ikawa hivo njia nzima. Kwa muuza vitumbua kasimama. Kisimani kasimama. Kwa yule fundi wa majembe kasimama na akajikuna kwenye mti wake kama mwenyeji. Kila aliposimama watu wakitoka wanakuuliza, na kila mahala nakuzika upya. Nlichoka. Lakini nlikuwa naona kitu. Kila nikisema, maneno yanakaa vizuri zaidi ya pale mwanzo. Na kila mtu alikuwa na chake kuhusu wewe. Nlikuwa sijui kama ulimwuguza yule fundi wa majembe. Hukusema.

Tulilala Ole. Watoto wakalala ndani, mie mwishoni, na miguu ikabaki nje. Nlivyoitazama nikakumbuka miguu yako, maana kila safari ilikuwa inabaki nje hivo hivo, nasi tunaitekenya kwa jani unajifanya umelala. Faki alikuwa macho. Akachukua jani akanitekenya. Nikajifanya nimelala. Sikuweza, Baba, nikageuka upande wa pili.

Kesho yake, karibu na kufika, pale kwenye kona yenye mipera, Taratibu akasimama. Pale hapana nyumba, hapana baraza, hapana kisima wala mtu. Jua linapanda, na nlikuwa na hofu ya kuchelewa. Nikainua fimbo.

Siti akapiga kelele. "Usimpige! Baba hampigi hapa. Hapa hushuka akaenda kukojoa."

Kweli. Sote tukijua. Tulikuwa tukicheka kwamba ukikaribia kambini huwezi kujizuia, na Mama anatukanya huku naye anazuia kicheko. Basi nikashuka, nikaenda nyuma ya mipera. Haja sina. Nikasimama tu, nasikia wadogo zangu wanagombea peremende, nikafikiri, wakitawanywa sitasikia tena kelele hizi. Nikasikia mdomo wangu unasema peke yake, "Sabalkheri, Mzee Seif. Mie Hamad wa Omari." Nikasema tena. Nikabadilisha, nikaanza na "Shikamoo." Nikajibu mwenyewe, "Marahaba." Mpaka Faki akaniuliza kutoka garini, "Kaka, unasema na nani huko?"

Nikarudi, na Taratibu akaondoka bila ya kuambiwa.

Kambini watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana. Mzee Seif, msimamizi, kakaa juu ya kiti chake cha kamba anagawa mikarafuu, na kila mtu anapiga kelele. Nlisimama mbele yake. Nikamwamkia. Nikamwambia umetangulia mbele ya haki. Akakurehemu, akatikisa kichwa, kisha akasema, "Pole, mwanangu. Lakini ile ya juu ya kisima ni mirefu, mie siipi watoto. Chukua mitatu huku bondeni, ukipata ukikosa shauri yako."

Mitatu ya bondeni mtu hajazi hata kikapu. Pale ndipo zamani ningegeuka nikaondoka. Nikasema, "Mzee Seif, ile mikarafuu baba yangu kaipanda miaka yote na hakuvunja tawi. Kamba ya kuvutia matawi nlikuwa nikiishika mie. Najua tawi lipi linashika na lipi linaongopa. Nipe mie. Nikivunja moja tu, nifukuze mbele ya watu hawa."

Mzee Seif akapiga paja. "Ee! Kumbe anasema! Mie miaka yote nnajua Omari ana mtoto bubu!" Watu wakacheka, na mie, hutaamini, nikacheka pamoja nao. Akanipa.

Hatukuvunja tawi. Nlipanda mie, Siti akachambua na Faki, vidole vyeusi mpaka leo, na Kombo alilinda jamvi lisikanyagwe na kuku. Kabla ya kulala nlikuwa nikitegemea nikusikie ukisema, "Alhamdulillahi, leo mgongo umefanya kazi." Hukusema. Siku moja Siti akasema yeye, kwa sauti yako. Sote tukala.

Tuliporudi, Ami Shaame alikuja kutazama. Akanyanyua gunia, akalishusha. Akanyanyua jingine. "Gari libaki," akasema. "Na watoto wabaki na kaka yao." Kisha akanitazama usoni. "Lakini mdomo umeutoa wapi?"

Siti akamjibu, "Kauokota kwenye mipera." Akamhadithia yote, na vile nlivyokuwa nikisema peke yangu nyuma ya miti.

Baba, Mama akacheka. Nyuma ya pazia. Toka ulipoondoka sikumsikia Mama akicheka. Shangazi Bikombo alimwambia, "Weye, eda hiyo!" Naye akazidi.

Ami alipokwenda zake Mama akaniita ndani. Akaniambia, "Baba yako hakuwa na mkojo, mwanangu. Baba yako alikuwa na haya kuliko weye." Akanambia ulipokwenda kumposa ulimwamkia babu, ukasahau ulichokwendea, ukaaga ukaondoka, na ikabidi urudi wiki ya pili. Akanambia toka mwaka wa kwanza wa karafuu ulikuwa ukisimamisha gari pale kwenye mipera, kabla mie sijazaliwa, unapanga maneno yako. Ng'ombe aliyekuwapo kabla ya Taratibu alisimama pale, na Taratibu akajifunza. Mama alikuwa akikusikia. Alikuwa akijifanya hasikii.

Nimekaa na neno hilo toka jana. Miaka yote nimekaa ndani ya gari lile nakusikia unacheka na watu, nikidhani Mungu kakupa wewe mdomo mie kanisahau. Kwa nini hukuniambia? Sikulaumu. Najua kwa nini. Uliona haya kuniambia kama unaona haya. Lakini ungeniita tu, Baba. Tungeshuka pamoja.

Siti anasema karatasi inakwisha. Ntakuja Ijumaa kaburini, na barua hii ntakusomea kwa sauti, wapite watu wasipite.

Bwana Mulji ntampitia, nitamwambia fenesi lilimwangukia nani. Na mwaka ujao, Mungu akitupa uzima, Mama keshatoka edani, tutakwenda sote. Taratibu akisimama pale sitamharakisha. Ntashuka, nisimame pembeni kidogo, mahala pako niache. Na Kombo ntamshusha. Siku hizi akija mgeni hujificha nyuma ya mguu wangu, na mie namwona.

Lala salama, Baba. Mungu akupanulie huko, miguu isibaki nje.

Mwanao,
Hamad