Chupa ya Mawese Nyuma ya Mlango

Shabunda

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia wewe na mwanangu Neema, na nyumba yote ya Nguba. Magoti yamepoa, au bado unashuka ziwani kununua dagaa wa sambaza kwa ukaidi wako? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauko sawa, na nitakueleza bila kuzunguka, kwa sababu jambo lenyewe linaihusu nyumba yako.

Unamkumbuka Riziki, binti wa mwenye nyumba wangu, yule niliyekuambia hasinzii kamwe katika somo langu la kemia? Tumemzika.

Wiki ile nilikuwa nafundisha kwa nini maji na mafuta hayapatani. Nilitia maji na mawese katika chupa, nikatikisa, yakaachana. Nikaeleza kwamba katika maji, oksijeni huzivutia elektroni upande wake na kuinyima hidrojeni, hivyo kila molekuli ina upande hasi na upande chanya, nazo hushikana. Katika mafuta, kaboni na hidrojeni huvuta karibu sawa, kwa hiyo pande hizo hazipo. Riziki akasema, "Madame, maji inashikana yenyewe kwa yenyewe, mafuta inabakia inje." Nilicheka, nikamwambia sina la kuongeza.

Jumamosi alirudi kutoka shambani na kiu, akanywa kutoka chupa ya jus ya matunda ambamo baba yake alikuwa ametia dawa ya wadudu wa maharagwe. Kelele zilinikuta nikifua. Nilipofika, baba yake alikuwa ameshika kikombe cha mawese. Nilimsihi asimpe kitu, tumkimbize kituo cha afya. Nikamweleza kwamba dawa ile ni ya upande wa mafuta, si wa maji. Ikikuta mafuta tumboni huyeyuka humo, na mafuta huisaidia kuingia mwilini.

"Mwalimu, hapa haiko ku masomo," alinijibu. "Mafuta ndiyo iliponya mama yangu."

Akamnywesha yote. Tulimbeba kwa tipoyi, machela ya kubebwa mabegani, akafia njiani. Muuguzi wa kituo alisema huenda asingepona hata bila mafuta. Sijui. Nina hasira, Mama, na sina wa kumkasirikia, maana yule baba alifanya kile ambacho wewe ungefanya.

Chupa yako ya mawese iko nyuma ya mlango wa jikoni tangu nizaliwe, inangojea sumu. Najua utasema ndiyo iliyoniponya nikiwa mdogo. Nilitapika siku ile na nikapona, lakini hakuna aliyejua nilikula nini. Neema naye anaonja kila kitu. Akinywa kibaya, usimpe mafuta wala maziwa, usimtapishe. Mbebe hospitalini pamoja na chupa aliyoinywea.

Nisalimie dada mkubwa, na mjomba, tonton fundi wa redio, na maman jirani wa mlango wa pili. Huyo msomee barua hii yote, naye ana chupa yake.

Mawese yale pikia majani ya muhogo, sombe, leo, uyamalize. Neema ale ashibe.

Mimi binti yako,
Furaha