Kibao cha Mama Daktari

12 Mei

Kwako kifungua mimba wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila goti la kushoto linanisumbua nikikanyaga cherehani. Wewe je, unakula? Kwenye picha uliyotuma mashavu yamekwisha, na sikukusomesha ili ukonde.

Ile karatasi yako ya mawimbi ya ubongo nimeitia fremu, iko hapa chumba cha ushonaji. Jana mteja kaiona, akataka nimtarizie kwenye kola. Nikamwambia, dada, hayo mambo ya daktari, hayavaliwi. Na mchora vibao kaniandikia juu ya mlango: USHONAJI KWA MAMA DAKTARI WA UBONGO. Herufi nyekundu. Kibao unakiona toka kona ya kinyozi.

Sasa kuna kazi yako. Shoga yangu anayenipigia pasi hapa, mke wa fundi viatu, kile kifafa hakijamwacha. Vidonge vya kliniki vinamlegeza, anasinzia amesimama. Nimemwambia, achana navyo, binti yangu anakuja Agosti, ubongo ndio kazi yake. Amefurahi mpaka amelia. Njoo na vifaa vyako.

Mama yako

16 Mei

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, nakula. Pole na goti.

Mama, nimekwambia mara ngapi? Jana nimepiga simu ukasema cherehani zinapiga kelele, ukakata. Haya, barua huwezi kuikata.

Mimi si daktari wa wagonjwa. Sijashika mgonjwa hata kidole. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kimejikunja kama pindo, ndicho kinachotunza kumbukumbu. Seli zake hupeana ishara kwa mdundo. Mimi natengeneza mfano wake kwenye kompyuta, kwa hesabu tupu, nione mdundo unatoka wapi na unaharibikaje. Chukua cherehani zako tatu: zikipokezana, kazi inakwenda. Zikikimbia zote kwa pamoja bila breki, ukuta unatetemeka. Kifafa ni kama hivyo. Vifaa vyangu ni kibodi na kikombe cha chai.

Vile vidonge ndizo breki zake. Kuviacha ghafla ni hatari. Mwambie leo arudi kliniki. Kama vinamlegeza, watambadilishia huko huko. Na kibao kishushwe!

Mwanao

22 Mei

Kwako wewe mwenye hasira,

Salamu zako nimezipokea, ukali wako nimeuacha kwenye bahasha. Huku wazima sote, hata yeye. Tangu aache vidonge kachangamka, anapiga pasi huku anaimba.

Nimeshona sare za shule nzima ili usome, leo unaniandikia kikombe cha chai? Kujishusha kuzuri, lakini kwako kumepita kipimo. Aliyejua kutengeneza ubongo atashindwaje kuukarabati?

Na mimi nisimame mbele ya watu niseme nini? Jumapili wanawake wa kikundi wanakuja hapa. Ngoja wapite, nitamwambia taratibu.

Mama yako, ambaye bado anajivunia

25 Mei

Mama,

Shikamoo. Goti sitaliulizia.

Jumapili ya nini? Leo! Nikipunguza breki kwenye mfano wangu, nao huchangamka kwanza, ungedhani umepona. Kisha unaanguka. Ukianguka naufuta, naanza upya. Shoga yako ana ubongo mmoja tu.

Umezima simu. Iwashe.

Mwanao

19 Juni

Mwanangu,

Natumai u mzima. Goti halijambo, kama ungeuliza.

Nimekaa kimya kwa sababu sikuwa na pa kuweka uso. Jumapili ile wanawake wamejaa, mimi nimesimama katikati nawasimulia habari zako, akaanguka na pasi mkononi. Kiganja chote kikaungua. Wote wakanigeukia: "Mama Daktari, tufanyeje?" Nikabaki kama cherehani iliyokatika mkanda. Kinyozi ndiye aliyekuja mbio akamlaza ubavu.

Kliniki nilikwenda naye. Nesi akauliza nani kamwambia aache dawa. Shoga yangu akanitazama. Nikasema ni mimi, kwa kinywa changu hiki. Nesi hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Wamempa vidonge vingine, hivi havimlazi. Kila jioni nampa mwenyewe, nasimama mpaka ameze. Ananiita askari jela. Juzi akaniuliza, "Hivi huyo mwanao hasa anafanya nini?" Nikamweleza cherehani na breki. Akafikiri, akasema, "Kumbe anatafuta kwa nini naanguka." Nikasema ndiyo. "Basi mwache atafute, usimzonge." Nami nakuacha. Lakini Agosti njoo, hivyo hivyo, mikono mitupu.

Jana mchora vibao kaja kufuta. Shoga yangu akamshikia ngazi kwa mkono mzima, huku anamhimiza, "Paka vizuri, isibaki hata herufi!" Pamebaki USHONAJI KWA MAMA.

Ila rangi yenyewe nyepesi. Jua la asubuhi likipiga pale, DAKTARI bado linasomeka. Leo mchoraji kapita, akasema atarudi kesho apake tena. Nikamwambia aje kesho kutwa.

Mama