Hoto ya Ndugu Haruo na ugali wa Bibi

Jumapili, Julai. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa huku Ufipa unaopenya hata blanketi mbili.

Viganja vinaniuma kwa kukanda unga. Lakini nina furaha, na sina wa kumwambia.

Tangu tumzike Babu, Bibi hali chakula. Anamega tonge moja, anasema ameshiba. Mwiko hajaugusa. Ugali napika mimi, na mimi ni mtu wa vitabu. Ugali wangu una madonge. Hata kuniita mke mwenzangu, utani wetu tangu nikiwa mdogo, ameacha.

Leo nilikumbuka hoto.

Ndugu Haruo, Mjapani aliyekuja kutengeneza mashine ya kusaga ya kijiji, alikaa nyumbani kwetu. Kipupwe kikianza alipika hoto, chakula cha kwao: tambi nene za ngano, zinatiwa mbichi kwenye sufuria la maboga mpaka mchuzi unakuwa mzito. Alisema kwao ni milimani, kuna baridi, mpunga unasumbua kuota.

"Kumbe na ninyi ni watu wa juu," Babu alimwambia, na tangu siku hiyo akamwita "mdogo wangu".

Kopo lake la maharage yaliyochachushwa, ya kukolezea mchuzi, lilipoisha, alitumia maharage yetu ya kuponda na dagaa wa Wampembe. Bibi naye akasonga ugali wa ulezi pembeni, maana kwake chochote chenye mchuzi ni mboga. Ndugu Haruo alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akamega, akachovya.

Alipoondoka, Babu aliulizia hoto kila baridi ilipoingia. Hakuna aliyejua kuipika. Mimi nilikuwa nikitazama tu kutoka mlangoni, kimya kama kawaida yangu.

Basi leo nimekanda, nikasukuma kwa chupa, nikakata kwa kisu. Boga likavurugika lote sufuriani. Nikampelekea Bibi bakuli.

Akainua tambi moja kwa kijiko, akaitazama.

"Hizi umekata kwa jembe?"

Machozi yalikuwa karibu.

Akaonja. Akachota tena.

"Chumvi haijakolea," akasema. "Na unaniletea mboga bila ugali? Babu yako angekurudishia bakuli lako."

Akainuka. Akaingia jikoni, akabandika maji, akauliza mwiko uko wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuficha.

Ugali wake haukuwa na donge hata moja. Tulikula pamoja, akamega, akachovya, akamega tena. Nilijifanya sioni.

"Mke mwenzangu," akasema akinawa mikono, "kesho kata nyembamba kidogo."

Nitakata nyembamba. Boga lipo, unga upo.

Sijui kama Ndugu Haruo, huko kwao kwenye baridi, bado anatamani ugali pembeni.