Mpaka Umepita Mbele ya Jumba Letu

Toronto, 1 Februari 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji. Mimi mzima, kikohozi kimeniachia. Goti lako je? Na presha ya Mama?

Nina habari. Mkoa wetu wa Ontario umeitisha uchaguzi ghafla, kura ni tarehe 27 mwezi huu. Na anayegombea ni Jemimah, yule dada wa kanisani aliyenipokea nilipofika. Mkenya, Baba, anataka kuingia bunge la mkoa! Nikitoka zamu yangu ya unesi naenda kugonga milango. Kampeni ilinipa mitaa ya ng'ambo ya barabara, lakini maghorofa yetu haya ya mtaa wa Jane na Finch nimejitwalia mwenyewe. Nilitazama ramani kwenye mtandao, nikaona tumo katika eneo bunge lake. Nani atawajua watu wa hapa kunishinda?

Aliyenishinda kwa sasa ni jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Donatienne, Mrundi. Ni raia wa siku nyingi, lakini hajawahi kupiga kura. Kwao mumewe alichukuliwa baada ya uchaguzi, hakurudi. Hata hivyo simwachi.

Nisalimie wote.

Binti yako,
Nkirote

*

Nkubu, 7 Februari 2025

Binti yangu Nkirote,

Tumepata barua yako kwenye simu tukiwa wazima. Goti ni lile lile, limezeeka kabla yangu. Mama anakunywa dawa akikumbushwa.

Jumapili nilisimama kanisani nikawatangazia kwamba binti wa Elkana anamtafutia Mkenya kiti Kanada. Walipiga makofi hata mchungaji akasahau matangazo mengine. Kina mama wameingiza jina la Jemimah kwenye maombi ya Jumatano.

Huko mipaka yenu imetulia? Hapa, waliporekebisha maeneo bunge, sisi tulitupwa upande huu na mjomba wako akabaki ng'ambo ya mto. Siku hizi tukikutana mazishini kila mmoja ana mheshimiwa wake wa kumsubiri achelewe.

Tuma picha yako na Jemimah. Nimeshaahidi watu.

Babako,
Elkana

*

Toronto, 17 Februari 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo? Mimi sijambo, ila miguu inauma.

Mama Donatienne amekubali! Nimekuwa nikimpelekea chai kila nikitoka kazini, tunazungumza. Jana aliniambia, "Jemimah simjui. Nakujua wewe. Ukisema ni salama, nitakwenda." Ameshawavuta na Warundi wenzake wa jumba hili, na amepiga pasi vazi lake la sherehe.

Kuhusu mipaka, usijali. Kadi za kura zilizokuja kwa posta zimeandikwa jina la eneo bunge jirani, lakini nimewaambia watu ni makosa ya ofisi. Ramani nimeiona kwa macho yangu.

Picha inakuja.

Binti yako,
Nkirote

*

Nkubu, 9 Machi 2025

Nkirote mwanangu,

Salamu. Ni matumaini yangu u mzima, maana sijui. Kura ilipigwa, mwezi ukaisha, nawe kimya. Nakupigia simu, hupokei. Mama anauliza kama umelazwa hospitali. Kanisani nako wananiuliza, nami nacheka tu kama mtu anayeficha zawadi.

Kama Jemimah ameshindwa, kushindwa si dhambi. Andika.

Babako,
Elkana

*

Toronto, 23 Machi 2025

Baba,

Nisamehe kwa kimya. Mwambie Mama sijalazwa. Mwili ni mzima.

Jemimah alishindwa, lakini hilo silo lililonifunga mdomo.

Jumatatu ya wiki ya kura niliingia ofisi ya kampeni. Hyder, kijana anayepanga orodha za wapiga kura, akaniuliza kwa nini natumia vipeperushi vingi hivyo. Nikamweleza kuhusu maghorofa yetu. Akanitazama. "Dada Nkirote, yale majumba hayamo katika eneo letu."

Nikamwonyesha ramani kwenye simu. Akasema, "Hii ni mpya, ya bunge la nchi nzima. Wao wamebadilisha mipaka. Mkoa bado unatumia ile ya zamani. Mpaka unapita katikati ya barabara, nyinyi mko upande wa pili. Kawaambie mapema."

Kadi zilikuwa sahihi, Baba. Mimi ndiye niliyewaambia watu wasiziamini.

Nilikuwa na siku za kutosha kupita mlango kwa mlango. Sikupita hata mmoja. Nilikuwa nimejigamba mno. Nilijiambia wakifika kituoni watachagua mwingine, kura ni kura. Jumatano Mama Donatienne aliniuliza kwenye lifti kama aje na kitambulisho kimoja au viwili. Nikamjibu kimoja chatosha.

Alhamisi walikwenda kwenye theluji, yeye mbele na vazi lake ndani ya koti. Nilimwambia nina zamu. Sikuwa na zamu. Yaliyotokea kituoni nilisimuliwa na Ariane, msichana wa ghorofa ya chini aliyefuatana nao. Mama Donatienne alisoma karatasi ya kura mara mbili, akamuuliza karani, "Jemimah yuko wapi?" Karani akamjibu vizuri tu kwamba hayumo katika karatasi hii. Mama Donatienne akairudisha bila kuitia alama, akatoka mbio.

Kuna jambo sikukuandikia, nalo nililijua. Kwao, siku ya kura, mumewe alifika kituoni akakuta jina la mgombea wao halimo. Mgombea huyo alikuwa ameshauawa. Wiki haikuisha, wakaja kumchukua mumewe.

Basi alirudi moja kwa moja mlangoni kwangu. Akagonga. "Nkirote! Wamemfanya nini Jemimah? Nkirote, uko?"

Nilikuwa ndani, Baba, nimesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Sikufungua. Alilia, akaanza kuomba kwa Kirundi, akitaja jina langu. Nikazima taa ili asione mwanga chini ya mlango.

Baadaye Ariane alikuja akamwonyesha Jemimah kwenye runinga, mzima, anawashukuru watu. Tangu hapo natoka kwa ngazi ili tusikutane kwenye lifti.

Binti yako,
Nkirote

*

Nkubu, 30 Machi 2025

Nkirote,

Tumepokea barua. Mama nimemsomea nusu yake tu.

Nami sina uso wa kukuhukumia. Wiki mbili zilizopita mchungaji aliniuliza mbele ya watu, nikasema Jemimah amepita. Lilinitoka tu, maana walikuwa wananitazama. Wakaimba. Leo nimesimama nikawaambia kweli. Hakuna aliyenikemea, na hilo ndilo lililoniuma. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Umeniomba msamaha wa kimya. Huo nimekupa. Ule mwingine si wangu kuutoa. Mtu alibisha mlangoni kwako akilia, nawe ulikuwepo. Kabla ya kuniandikia tena, nenda ukabishe kwake.

Babako,
Elkana

*

Toronto, 27 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo huko? Mimi naendelea.

Imenichukua karibu mwezi mzima kuvuka ukumbi huu mwembamba. Nimebisha leo, baada ya ibada.

Mama Donatienne alifungua, akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka. Akanikalisha. Nikamwambia yote: ramani, Hyder, lifti, zamu ya uongo. Alinisikiliza akimenya ndizi. Nilipofika kwenye habari ya mlango nikashindwa kuendelea.

Akasema, "Najua ulikuwemo. Niliona taa ikizimwa."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia kitu.

"Nilidhani unajificha," akasema. "Nilidhani umepata habari kwamba wanakuja. Mume wangu hakuwa na mtu wa kumkalia mlangoni. Nikaketi pale kwako, ili wakija wanikute mimi kwanza. Nilikaa mpaka Ariane akanitoa."

Kesho ni uchaguzi wa nchi nzima, kwa ile ramani mpya. Wenzake wengine watakwenda. Yeye hatakwenda, ameniambia hatakwenda tena kamwe, nami sikumsihi. Alinipakulia ndizi, tukala.

Baba, heri angenitukana.

Binti yako,
Nkirote