Majibu ya Swali la Nne

Jerop mama,

Ni mimi baba yako, mwenyekiti. Naandika kwa mkono wangu, sijatuma mtu. Wanaosema mzee wa darasa la tatu hawezi kuandika barua, waje waone. Ni siku ya tatu niko na hii karatasi, lakini inaandikika.

Juzi nilienda chuoni kwako, huko mjini, kuchukua vitu zako. Nilivaa ile koti nyeusi na nikapiga viatu rangi, wasiseme umetoka kwa watu ovyo. Mwalimu wako akanipa kazi yako ya mwisho, ile ya masomo ya uongozi wa mashirika. Haijaisha. Akasema, "Mzee, binti yako aliandika juu ya kikundi chenu cha maziwa cha kule Ziwa." Nikamwambia najua, maana mimi ndiye nilikataa kuhojiwa.

Karibu yote ni Kiingereza. Lakini katikati kuna ukurasa mmoja umeandika Kiswahili, herufi kubwa kubwa, ukijua macho yangu. Juu umeandika: Maswali ya Mwenyekiti. Maswali sita, na chini ya kila swali nafasi tupu.

Wanachama wote walikujibu. Mimi tu ndiye sikujibu. Kila ulipokuja na kalamu nilikumbuka ng'ombe wa kukamua. Nilikuambia, "Nimeongoza watu kabla hujazaliwa, sasa karatasi ya chuo itanifundisha nini?" Ukacheka. "Sawa, mwenyekiti wa maisha. Nijibu swali la nne peke yake, basi." Nikaenda zangu.

Swali la nne linasema: Usipokuwepo, nani anafungua?

Wacha nikujibu sasa. Hakuna.

Ufunguo wa ile nyumba ya tangi la kupoza maziwa ulikuwa mmoja, na ulikaa mfukoni mwangu, nimeufunga na kamba ya kiatu. Watu walipanga mitungi nje asubuhi wakinisubiri. Mimi nilitembea polepole kwa makusudi, waone nani anakuja. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Na usifikiri nilipewa cheo bure. Ni mimi nilizunguka ofisi zote za mjini mpaka tukapata hiyo tangi. Hilo nalo uliandike.

Halafu ukaugua. Siku tatu nilikaa kando ya kitanda chako wodini, simu imezima, ufunguo mfukoni. Sikukumbuka maziwa hata mara moja. Nilikuwa naangalia mdomo wako unavyokauka, nautia maji na kijiko.

Huko nyumbani watu walileta mitungi, wakangoja, jua likapanda. Siku ya pili vilevile. Maziwa yakaharibika, wakamwaga mtaroni. Kufuli yenyewe ni ya kupigwa jiwe mara moja tu, lakini hakuna aliyethubutu, kwa sababu niliwahi kusema kwa mkutano kwamba atakayeigusa si mwanachama tena. Siku ya tatu gari la mnunuzi mwingine likapita, wakalisimamisha, wakauza huko. Na wewe siku hiyo ndiyo ukaenda.

Nilikuja kujua wakati wa matanga. Watu walijaa, mama. Walileta kuni, mahindi, maharagwe, hata viti vya kanisa. Maziwa hakuna aliyeleta. Waombolezaji wako walikunywa strungi, chai bila maziwa. Kwetu, Jerop, mahali mtu hata akikosa yote hakosi maziwa ya chai. Hakuna aliyenisema. Mama Ruth wa kikundi alinimiminia kikombe changu hakuniangalia. Nikakinywa chote, cheusi hivyo.

Huyo Mama Ruth ndiye uliandika kwamba watu wakiwa na shida huanzia kwake, si kwangu. Mwalimu alinisomea hapo kwa Kiswahili, akaogopa nitakasirika. Nilikasirika. Halafu jana nikaenda kwake, nikamwekea ufunguo mezani na kamba yake. Akaurudisha taratibu. "Mzee, ufunguo wa nini? Tangi ni kavu."

Amesema kweli. Nimehesabu waliobaki kikundini, ni mimi na mzee mmoja ambaye ng'ombe wake amekauka.

Nimejaza ukurasa wako. La kwanza na la pili nimeandika vizuri, utapenda. La tatu nimejisifu kidogo. La nne ni neno moja. La tano sikulielewa. La sita umeuliza kitu gani ninajivunia kuliko vyote, na hapo kalamu ilisimama. Nimeacha wazi. Unajua jibu, na hao wa chuo haliwahusu.

Mwalimu aliniambia kwa heshima kwamba haitasahihishwa tena. Nitaipeleka hivyohivyo. Kazi ya mtoto wangu haitakaa na ukurasa mtupu katikati.

Kufuli nimeitoa. Mlango uko wazi na kuku wa jirani wameanza kuingia. Nakuahidi nitapita pale kila asubuhi, niangalie kama kuna mtungi hata mmoja. Sitegemei. Nitapita tu, nitembee haraka kama mtu aliyechelewa, halafu nirudi nyumbani.

Lala, mama. Hapa tulipokulaza nyasi imeshika upande mmoja. Ule mwingine bado ni udongo.

Baba yako.