Mwaka Tuliomhamisha Lasya

Jumatano, 7 Agosti

Imeshaamuliwa. Lasya anahama shule.

Nimeambiwa asubuhi, niko jikoni nageuza chapati za dosa. Baba Lasya kasimama mlangoni, mkoba begani. "Mama Lasya, Jumatatu anaanza kule. Nimeshazungumza nao." Akamaliza kahawa, akaenda zake kazini. Kama mtu anayetangaza kwamba maji yatakatika!

Kule ni ile shule ya kimataifa yenye ukuta wa vioo, ng'ambo ya ziwa. Mtaala wa kimataifa! Neno hili limeingia kwenye jengo letu hapa Hyderabad kama mafua. Lilianzia ghorofa ya nne kwa mama Nihal, likapanda kwa wale wa ghorofa ya saba, sasa limefika kwetu. Siku hizi kwenye lifti hakuna anayekuuliza hali. Wanakuuliza, "Bado mko mtaala wa bodi ya jimbo?" kwa ile sauti ya kumpa mtu pole ya msiba.

Na mtoto mwenyewe? Ana miaka kumi na moja. Amekuwa wa kwanza darasani tangu darasa la tatu. Marafiki zake wote wako shule aliko sasa. Alipoambiwa jioni aliingia bafuni, akafungulia maji ya ndoo mpaka yakamwagika nje. Nikagonga. "Naoga, Mama." Haonekani akilia huyu. Amerithi kwa nani sijui.

Mama mkwe hataki ahame; amesusa chakula cha jioni. Kisha akala.

Jumapili, 18 Agosti

Wiki ya kwanza imekwisha. Hakuna kazi ya nyumbani. Hakuna vitabu! Mkoba mwepesi kama wa mtu anayekwenda pikiniki.

Mama mkwe anamvizia mjukuu kila akirudi.

"Leo umekuwa wa ngapi?"

"Bibi, hawatupangi."

"Hawawapangi? Sasa mnajuaje nani mjinga?"

Na mwalimu wao wanamwita kwa jina lake! Oindrila. Hivyo hivyo, kavu. Mama mkwe alifundisha hesabu Vijayawada maisha yake yote, na mpaka leo akitembelea kule, wazee wenye mvi aliowafundisha wakimwona sokoni wanavua viatu kabla ya kumsalimia. Alipolisikia lile jina lisilo na "mwalimu" mbele, aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo nikienda huko wataniita Suseela?" Lasya akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Hilo nalo ni kitu.

Nilimuuliza Baba Lasya, kwa upole kabisa, kwa nini haraka hii. Nilitegemea aniambie habari za kaka yake Raghuveer aliyeko Dallas, maana kaka yake ndiye kipimo cha kila kitu, kuanzia gari hadi dawa ya meno. Hakunitajia kaka yake. Aliniambia hivi: "Mimi nilikariri fizikia yote. Ukiniamsha sasa hivi nakutajia. Lakini kwenye vikao kazini wale vijana wanaongea, wanauliza, wanabisha, na mimi jibu ninalo na nimekaa nalo. Miaka kumi na minane nimekaa nalo. Sitaki Lasya awe hivyo."

Halafu akaharibu: "Na Kaka naye kasema ndiyo njia."

Jumanne, 3 Septemba

Nani anasoma katika shule hii, mtoto au mimi?

Wiki iliyopita: lete boksi tatu, gundi, mchanga, mkaa, pamba, mtengeneze chujio la maji. Jana: lete kitambaa cha zamani chenye historia. Leo: mzazi mmoja aje kueleza kazi yake. Baba Lasya ana kikao, bila shaka. Nikasema nitaenda mimi. Akauliza, bila ubaya wowote, "Utaeleza nini?"

Nitaeleza nini! Nilifanya kazi maabara ya dawa miaka saba. Vidonge vilivyopita mikononi mwangu vimemezwa na nusu ya nchi hii. Niliacha Lasya alipozaliwa, kwa sababu... kwa sababu niliacha. Ilionekana ndivyo.

Sikwenda. Alikwenda baba yake Nihal, akaeleza mambo ya hisa, watoto wakalala.

Lasya bado hana rafiki. Anakula peke yake. Nilijua kwa sababu chakula kinarudi nusu, na mtu mwenye rafiki hali nusu. Ananyang'anywa.

Jumamosi, 7 Septemba

Sikukuu ya mungu Ganesha. Nyumba imejaa. Shemeji wa Dallas kapigwa simu ya video, kawekwa juu ya friji ili awaone wote. Kila mgeni kapewa hotuba ya mtaala wa kimataifa pamoja na wali wake wa pulihora. Mjomba wa Guntur kauliza swali moja tu: "Huko wanafundisha mtihani wa kuingia uhandisi?" Hawafundishi. Mjomba akamtazama Lasya kama anayemtazama mgonjwa, akamwongezea uji mtamu wa payasam.

Na sasa huyu mtoto ameanza kuuliza. Nani alisema Ganesha anapenda hiki na si kile? Umejuaje? Una ushahidi gani? Baba yake anatabasamu, kifua mbele. "Mnaona? Mnaona?"

Naona.

Alhamisi, 19 Septemba

Kapata rafiki! Anaitwa Zoya. Chakula kinarudi kimekwisha, na kesho niongeze achari ya maembe maana Zoya anaimaliza kwa kidole. Haya, nitaongeza. Nitaongeza pipa zima.

Mada yao mpya inaitwa "Jinsi watu wanavyoamua mambo." Wataonyesha kazi zao tarehe ishirini na saba, wazazi wote waje. Kwa hiyo tunahojiwa. Mfuatano wa maswali, wakati wowote, hata mtu akiwa na povu la sabuni usoni.

Kwa bibi yake: nani aliamua uhamie Hyderabad? (Mwanangu.) Ulitaka? (Nani kaniuliza?) Ungeulizwa ungesemaje? Mama mkwe akasema angebaki Vijayawada, ana rafiki yake Kanthamma pale mtaani, walikuwa wakipepeta mchele pamoja kila asubuhi. Miaka tisa naishi na huyu mama. Sijawahi kulisikia jina la Kanthamma.

Kwangu hakuuliza kitu. Nilidhani atafika. Hakufika.

Leo pia Daktari Kameswari alinipigia, bosi wangu wa zamani. Wanatafuta mtu wa maabara, siku nne kwa wiki. Nikamwambia nitafikiria. Nikaenda kumwambia Baba Lasya, nikamkuta yuko na Dallas kwenye simu. Nikarudi kukata bamia.

Ijumaa, 27 Septemba

Mungu wangu. Mungu wangu!

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi umejaa. Mama mkwe kavaa hariri yake ya kijani, ile ya harusi. Baba Lasya kaomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakulifanya hata siku Lasya alipozaliwa. Mbele yetu, safu mbili tu, bosi wake Bwana Chaturvedi na mkewe. Mtoto wao naye anasoma pale. Baba Lasya akanyoosha tai yake.

Watoto wengine wakaonyesha mambo ya bunge, mambo ya mchwa. Makofi. Kisha: Lasya, Zoya na kijana mmoja, Devansh. Igizo. Jina lake: "Jinsi nilivyohamishwa shule."

Baba Lasya akaishika tai tena.

Lasya katoka amevaa shati la baba yake na miwani ya baba yake. Simu sikioni. "Kaka! Huko Dallas watoto wanasoma nini?" Ukumbi ukacheka. Akapiga tena. "Bwana Chaturvedi, mwanao anasoma wapi? Ndiyo, bwana. Hata mimi niliwaza hivyo hivyo, bwana." Ukumbi ukacheka zaidi. Akampigia mnajimu: nyota zinasemaje? Akamuuliza mlinzi wa geti! (Kweli, alimuuliza mlinzi. Nilikuwepo.) Devansh, sari ya bibi kichwani, akawa anazunguka akilia, "Wa ngapi? Wa ngapi?" Kisha Lasya akavua miwani, akawa yeye mwenyewe, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, na mimi je?" Akavaa miwani. "Wewe nenda kaoge."

Watu walikufa kwa kicheko. Mama mkwe alicheka mpaka kamasi, akajifutia hariri. Bwana Chaturvedi akageuka na kiti chake chote kumtazama Baba Lasya: "Phanindra, sikujua nina nguvu kiasi hiki nyumbani kwako!"

Zoya aliigiza mama. Alikuwa na sinia. Alipita kutoka kushoto kwenda kulia akigawa chai, akarudi kulia kwenda kushoto akikusanya vikombe. Basi. Hakupewa neno hata moja. Watu walimcheka na yeye, na mimi nilicheka nao, kwa nguvu, mpaka nikashika mbavu.

Nilipofika kwenye maegesho ya magari ndipo nikaacha kucheka.

Kwenye taa nyekundu Baba Lasya akafoka, "Nimemtoa kwenye shule ya kukariri ili akanikariri mimi?"

Jumamosi, 28 Septemba

Nyumba haikaliki.

Baba Lasya kasema Jumatatu anamrudisha shule ya zamani. Ameshazungumza nao. (Hao "nao" kila mara wanapatikana kwa simu moja tu, jamani.) Hii siyo elimu, ni dharau. Watoto hawaheshimu. Mwalimu anaitwa kwa jina. Maneno ya mama yake yote ya Agosti, leo yanatoka kinywani mwake!

Na mama yake? Huyo aliyesusa chakula? Kajifunga sari kiunoni, kakaa katikati ya sebule.

"Hahami."

"Mama, wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema. Ulimhamisha bila kumuuliza, sasa unamrudisha bila kumuuliza. Unataka wakacheze sehemu ya pili?"

"Alinidhalilisha mbele ya watu!"

"Alidanganya wapi? Nionyeshe. Mlinzi hukumuuliza?"

Baba Lasya akanigeukia mimi. "Na wewe unacheka." Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeuma meno, yakaonekana.

Baadaye nilimkuta varandani peke yake, anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. Akasema, bila kuniangalia, "Alisimama mbele ya watu mia tatu, hakutetemeka hata sauti." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nisingeweza." Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaingia ndani.

Lasya kajifungia na Zoya kwenye simu. Nilimuuliza mlangoni, "Kwa nini mama hakupewa maneno?" Hakuwa na ubaya wowote, ndicho kilichoniuma. "Tulitaka kumpa, Mama. Tukajaribu kukumbuka ulisema nini siku ile Baba alipoamua. Zoya akasema tusibuni, lazima tuwe na ushahidi."

Jumapili, 29 Septemba

Chakula cha mchana. Kikao. Mama mkwe ndiye kaitisha, kama bado yuko na chaki mkononi. Kila mtu aseme kwa zamu yake, hakuna kukatizana.

Baba Lasya: arudi shule ya zamani. Lakini alisema kwa sauti ya chini kuliko jana, huku akichora mistari kwenye wali.

Mama mkwe: abaki. Ila waanze kuwapanga namba, angalau kwenye hesabu.

Lasya: "Mwanzoni nilikuchukia, Baba. Samahani. Kule sikutaka kwenda. Sasa nataka kubaki. Na igizo, ningekuonyesha kwanza, lakini ungesema hapana." Baba yake akafungua mdomo. Mama mkwe akainua kidole. Akaufunga.

Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kukusanya sahani. Nikainuka kabisa, sahani tatu mkononi.

"Mama hajasema," Lasya akasema.

"Mama yako hana neno," Baba Lasya akajibu, kwa wema kabisa, kama anayenisaidia mzigo. "Mama yako ni mtu wa kukubali."

"Sikukuuliza wewe, Baba. Mama. Unataka nini?"

Wote watatu wakanitazama. Nikasema sufuria ya presha inaungua, nikakimbilia jikoni. Hakuna presha jikoni. Nimezima jiko tangu saa saba. Nimesimama kando ya sinki naandika, na mikono ina mchuzi, ukurasa utanuka mboga chachu ya gongura mwaka mzima.

Si suala la shule tu. Shule, nadhani abaki. Najua nadhani hivyo tangu Zoya alipoanza kumaliza achari. Lakini nikifungua mdomo kwa hilo, halitatoka peke yake. Litatoka na Daktari Kameswari, na siku nne kwa wiki, na nani atatengeneza chujio la maji, na kwamba mimi sikukubali kitu mwezi ule wa Agosti, wala miaka ile kumi na moja iliyopita. Niligeuza dosa tu.

Baba Lasya anaita. "Mama Lasya, kulikoni huko?"

Mama mkwe: "Mwache. Anakuja."

Sasa mmoja anaburuta kiti, yule mdogo, nakijua kishindo chake. Anakuja mlangoni. Neno la kwanza ninalo: mimi. La pili: nataka.